Mtoto Niliyemfuata Ng'ambo ya Ziwa

Siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali na binti yangu mikononi, nilisimama mbele ya meza ya muuguzi nikangoja. Mume wangu, Kalumba, alikuwa nje tayari. Alikuwa ameomba gari la mwenzake wa kazini na kutandika blanketi kwenye kiti cha nyuma kana kwamba anakwenda kubeba mayai. Mimi nikabaki nimesimama. Muuguzi aliinua macho, akaendelea kuandika, akainua tena.

"Mama, kumebakia kitu?"

"Randevu," nikamwambia. "Hamujanipa siku ya kurudi."

"Utarudi kwa chanjo, kama wamama wote. Kidonda kinakauka, mutoto anapumua muzuri. Enda nyumbani, Mama Feza. Enda ulee."

Nilitoka nje. Kwa muda mrefu sana kulikuwa na mtu wa kunipangia kesho yangu: kesho sindano, keshokutwa damu, Jumatatu picha ya tumbo, njoo bila kula, njoo na kibofu kimejaa. Sasa nilikuwa nimepewa kile nilichokililia, nikafungiwa mlango kwa upole, na kesho yangu haikuwa na maelekezo.

Ninaandika sasa mabaya yakiwa yamepita. Sifa anatembea, ana meno ya kutosha kuniuma. Ninaandika kwa ajili ya mwanamke aliyeketi leo kwenye benchi fulani na bahasha ya vipimo mapajani. Habari za sindano utazipata, watu watakueleza. Mimi nilikosa mtu wa kunieleza sehemu ya pili, ile inayoanza baada ya vigelegele.

Mimi ni Mbembe wa kaskazini ya ziwa. Nilikuja Kalemie msichana, nikaishi na dada yangu aliyekuwa akianika ndakala, dagaa wa ziwa letu, na nilipokuwa mkubwa nikaanza biashara yangu mwenyewe: mawese na samaki wakavu kupeleka Kigoma, sabuni, ndoo na magodoro kurudi. Kalumba ni Mtabwa wa Pepa, kule juu Marungu kwenye ng'ombe na baridi. Ni fundi wa mabehewa kwenye reli. Tulikutana bandarini nikigombana na wapakiaji, na anasema alinipenda kwa sababu nilikuwa nashinda.

Miaka tisa ya ndoa ilipita bila mtoto. Sitaielezea yote, anayeijua anaijua. Nitasema tu kwamba kila kiangazi, barabara ya mlimani ilipokauka, mtu alishuka kutoka Pepa na ujumbe wa mama mkwe wangu, Mama Veronika. Ujumbe ulikuwa mmoja kila mwaka, umevishwa nguo tofauti: kuna msichana mzuri wa parokia, anajua kulima, Kalumba aje amwone. Kalumba alimkaribisha mjumbe, akampa ugali na samaki, akamsindikiza. Hakupanda kwenda kumwona yeyote. Lakini usiku uliofuata kila ugeni tulilala kama watu wawili waliopangishwa kitanda kimoja.

Ni Kigoma, katika safari ya kawaida ya mzigo, nilipoingia kwa daktari mmoja kwa sababu ya maumivu ya nyonga. Alinipiga picha yenye dawa ndani, akaiweka kwenye mwanga, akanionyesha kwa kalamu. "Mama, mirija yote miwili imeziba. Inawezekana ni ugonjwa wa zamani ambao haukutibiwa vizuri. Mji wa mimba wenyewe ni mzima."

Utashangaa: nilifurahi. Kwa miaka tisa nilikuwa nimeitwa laana, jini la maji, mke asiye na bahati. Sasa nilikuwa mtu mwenye mirija iliyoziba. Bomba likiziba si uchawi. Daktari alisema hapo Kigoma hawana la kufanya, ila Dar es Salaam wapo wanaoweza kukutanisha yai na mbegu nje ya mwili na kuvirudisha tumboni. Nilirudi Kalemie nikamwambia Kalumba tukiwa tumeketi nyuma ya nyumba. Akauliza, "Na miye nao watanipima?"

"Nawe pia."

"Basi twende. Nisikuache upimwe peke yako."

Alipimwa, akakutwa hana shida. Hakutembea akijisifu. Niliolewa na mtu.

Dar nilikaa peke yangu, maana reli haikumpa ruhusa ndefu. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mwenyeji wa Kigoma. Kliniki ilikuwa na chumba cha kungojea chenye viti vya bluu, na wanawake wote tuliketi tukiacha kiti kimoja katikati. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Ukimwangalia utamhesabia miaka. Wiki ya kwanza muuguzi aliniuliza kama nina mtu wa kunichoma sindano jioni, nikamjibu, "Sina muntu." Alicheka mpaka akashika meza. "Mama wa Kongo, sema mtu!" Nikamwambia, "Nipe mutoto kwanza, nitasema vile unataka." Hapo ndipo mwanamke mmoja mnene kutoka Singida, aliyekuwa ameketi kiti cha pili, alicheka naye, akahamia kile kiti kitupu kilichokuwa katikati yetu. Hakuhama tena mpaka nilipoondoka. Alinifundisha kujichoma mwenyewe: finya nyama ya tumbo, tazama pembeni, vuta pumzi, sukuma. Siku ya tatu nilijichoma bila msaada. Tumbo langu lilijaa alama za bluu na kijani, na nilipokuwa naoga nilizitazama kwa heshima. Mimi ninayeogopa hata mwiba wa samaki!

Mara ya kwanza haikushika. Muuguzi alinipigia simu asubuhi, sauti yake ikiwa laini mno, nikajua kabla hajamaliza salamu. Nilirudi nyumbani katikati ya kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kalumba alinipokea bandarini, akanibebea mzigo. Alikuwa ameacha kazi mapema akapika mikebuka mwenyewe, wameungua upande mmoja. Aliniwekea upande mzuri. Mpaka leo nikisikia harufu ya samaki aliyeungua moyo wangu unakuwa laini.

Kulikuwa na viinitete vilivyobaki, vimehifadhiwa kwenye baridi. Kiangazi kilichofuata kilipoanza nikavuka tena ziwa. Safari hii sikuaga watu. Nilisema nafuata magodoro. Walinirudishia viwili. Siku za kungojea majibu nilikuwa naenda sokoni polepole kama nimebeba maji kichwani. Halafu simu: "Mama Feza, hongera." Nilimpigia Kalumba kazini. Nilisikia kelele za chuma, nikasema, "Imeshika." Simu ikabaki wazi. Nikasikia nyundo inapiga behewa, mara nyingi, kwa nguvu, na watu wakipiga kelele kumwuliza ana nini. Anasema aliwajibu kwamba gurudumu lilikuwa limelegea.

Katika picha ya kwanza tulimwona mmoja tu, moyo wake unapiga kama taa ya pikipiki mbovu. Nilibaki Dar mpaka daktari aliponiruhusu kusafiri. Kwenye boti nilifunga vitenge viwili, mtu asione. Hata nyumbani nilijificha. Miezi yote sikununua hata soksi ya mtoto. Nilivimba miguu, pua ikapanuka, mashavu yakapata madoa, nikakatazwa chumvi. Majirani waliposema "Mama Feza, umenenepa," nilijibu ni ugali. Mwishowe tumbo lenyewe liliwajibu.

Sifa alizaliwa kwa upasuaji, hapa hapa Kalemie, mvua za mwisho zikinyesha. Alikuwa mdogo, mwekundu, amekasirika. Kalumba alipomwona aliweka mikono yake nyuma ya mgongo. "Iko na grisi," alisema, ingawa alikuwa ameisugua mpaka ngozi ikachubuka.

Mama Veronika alifika mtoto akiwa na wiki mbili. Alishuka kutoka Pepa kwa lori mpaka Moba, akapanda boti, na kwa kuwa ni mtu wa mlima alitapika njia nzima. Alishuka bandarini amekunja uso, na mzigo wa maharage na kibuyu cha maziwa ya kuganda ambacho hakuruhusu mtu mwingine akibebe. Aliingia nyumbani, akaketi, akanywa maji, akauliza kabla sijamwonyesha mtoto:

"Wananiambia huyu alitengenezwa Dar, ndani ya chupa. Ni kweli?"

Kalumba akatazama sakafu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miezi mingi. Nilijua yeye ni Mkatoliki wa misa ya kila siku. Nikamweleza taratibu. Yai lilitoka kwangu. Mbegu ilitoka kwa mwanawe. Vilikutana nje kwa siku chache, vikarudishwa kwangu, nikabeba mimba kama mwanamke yeyote.

"Mbegu ni ya Kalumba?"

"Ya Kalumba, Mama."

"Na tumbo ni lako?"

"Langu."

Akafikiri. "Kule ferme ya ng'ombe, wakati wa marehemu baba yenu, munganga wa ng'ombe alikuwa anakuja na sindano ndefu namna hii. Dume hakuna, lakini ng'ombe anashika mimba. Ndama walitoka wazuri, na miguu ya nguvu." Akanyoosha mikono. "Leta nione miguu."

Tulicheka, hata kidonda kikaniuma. Aliipapasa miguu ya Sifa, akatoa sauti ya kuridhika, akampaka mate kwenye paji la uso. Nilidhani vita imekwisha.

Vita ilikuwa mimi mwenyewe. Maziwa yalikuja kidogo na kwa maumivu. Sifa alilia, nikampa titi, akavuta, akaliacha, akalia. Nilikuwa nasikiliza pumzi zake. Zikinyamaza kidogo nilimgusa mpaka aamke, na akiamka alilia tena. Niliwakataza wengine wasimbebe. Nilikuwa na sababu kwa kila mtu: huyu ana mafua, yule ana mikono ya baridi, Kalumba ana grisi. Nywele zilianza kutoka kwa vishungi kwenye chanuo. Nilikaa siku nzima na kitenge kimoja chenye harufu ya maziwa yaliyochacha, mimi ambaye bandarini nilijulikana kwa usafi.

Na sikuwa na ruhusa ya kulalamika. Wageni walikuja kwa makundi na sabuni na sukari, wakaimba, wakaomba, na nikithubutu kusema sijalala, mmoja angesema, "Miaka tisa ulimulilia Mungu, leo unalia usingizi?" Walisema kwa kucheka, hawakuwa na ubaya. Lakini neno hilo lilibaki nami. Nilijua kuwa mgonjwa mwema, anayefika mapema na kumaliza dawa. Kuwa mama kulinishinda, na nani angenihurumia kwa kushindwa na kile nilichokiomba?

Siku moja mchana, wanawake wa kanisa langu wakiwa wameketi sebuleni, nilitoka kwenda kuoga. Niliporudi nilimkuta Mama Veronika ameshika kijiko na kikombe, Sifa mapajani.

"Mama! Unamupa nini?"

"Maziwa ya ng'ombe, nimeongeza maji. Mutoto ana njaa, Feza. Miye nimezaa tisa, naijua kilio ya njaa."

Nilimnyakua mtoto. Kijiko kilianguka. "Hapana! Daktari alikataza! Huyu si ndama wa ferme!"

Wanawake wa kanisa wakatazamana. Mama Veronika aliokota kijiko, akakifuta kwa kitenge chake polepole. "Sawa," alisema. Akaenda kukiosha. Jioni Kalumba aliporudi alimkuta mama yake amefunga mzigo, anauliza boti ya Moba inaondoka siku gani. Ingeondoka Alhamisi. Kalumba alikuja chumbani, akasimama mlangoni.

"Feza, yule alitapika ziwa nzima juu ya kuja kukusaidia."

"Alitaka kumuua mutoto."

"Hapana. Alitaka kumushibisha. Ungemuambia tu." Halafu akasema jambo lililoniuma kuliko yote. "Tangu mumefika kutoka lopitali, sijamubeba mutoto wangu hata mara moja. Miye nilimungojea miaka mingapi?"

Nilijifunika kitenge. Nilikuwa nimeanza kutetemeka na nilidhani ni hasira. Ilikuwa homa. Asubuhi titi la kushoto lilikuwa jekundu, gumu kama jiwe, na nilishindwa kuinua mkono. Kalumba alinipeleka hospitali. Tuliketi kwenye benchi la ukuta wa kijani pamoja na watu wa malaria na mtu mmoja aliyevunjika mkono, na nilimshika Sifa kwa mkono wa kulia mpaka vidole vikafa ganzi. Daktari aliangalia mara moja tu. Lilikuwa jipu, lazima likatwe, na nibaki siku chache.

"Na mutoto?" nikauliza.

"Atakuja kunyonya upande muzima," daktari alisema. "Kulala, alale nyumbani. Huku kuna magonjwa."

Kalumba alinyoosha mikono. Alinyoosha tu. Ile mikono yenye mistari myeusi kwenye kila ukunjo. Nilimpa. Mtoto alilia kidogo, kisha akatua kichwa kwenye shingo yake, na uso wa mume wangu ukafanya kitu ambacho nilijuta kutokukiona mapema.

Baada ya kukatwa nililala nikitazama dari. Muuguzi aliyekuja kubadilisha bandeji alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniuliza:

"Umechoka, Mama?"

"Namushukuru Mungu," nikajibu, kama nilivyozoea kuwajibu watu.

"Sikuuliza kama unashukuru. Nimeuliza kama umechoka."

Nikafungua kinywa kumjibu, ikatoka sauti nisiyoijua. Nililia kwa kelele, mbele ya wodi nzima, kamasi zikishuka. Nilisema nimechoka, naogopa, sijui kulea, labda Mungu aliniziba mirija kwa sababu alijua. Muuguzi aliendelea kufunga bandeji yake bila haraka. Alipomaliza akasema, "Kwani ukichoka, mutoto atarudi Dar? Hatarudi. Ni wako tayari. Sasa unaweza kuchoka."

Ndugu yangu unayesoma, kama hutachukua kingine katika maandishi haya, chukua hilo. Ulichoka ukimtafuta, na utachoka ukimlea, na uchovu wa pili haufuti shukrani ya kwanza. Vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja.

Mchana mvua ilikuja, ile mvua ya Kalemie inayoanza ghafla kama mtu amemwaga beseni. Nilikuwa nawaza nani atamleta Sifa kunyonya kwenye matope yale. Nikamwona Mama Veronika anaingia wodini, amekuja kwa miguu. Pikipiki anaziogopa kuliko boti. Alikuwa ameloa mpaka maji yanamtiririka kwenye kiwiko. Mwavuli alikuwa ameuelekeza wote mgongoni. Aligeuka, akafungua kitenge, na Sifa alikuwa mkavu, amelala, mdomo wazi.

"Amelala njia yote," alisema. "Hapana kumuamusha kwanza. Pumua."

Boti ilikuwa bado siku mbili, lakini hakuitaja tena. Alikuja asubuhi, mchana na jioni, na katikati Kalumba alimleta yeye, amemfunga mgongoni kwa kitenge changu cha maua. Watu wa reli walimpigia kelele barabarani: "Ee Papa, umekuwa mama?" Aliwajibu, "Nimekuwa Papa Sifa!" na akatembea katikati ya barabara ili hata wale wa mbali waone.

Siku ya pili Mama Veronika alileta maji ya moto kwenye ndoo, akaniketisha, akaanza kuniosha mgongo. Hakuniomba radhi kwa wale wasichana wa parokia, wala mimi sikumwomba radhi kwa neno la ndama. Alisugua tu, kwa nguvu kama anasugua kibuyu. Halafu akasema nyuma yangu, mahali nisipoweza kumwona uso:

"Kalumba njo alikuwa wa kwanza wangu. Nilimuogopa. Alikuwa analia mpaka anabadilika rangi. Siku moja nilimubeba mpaka kwa mama yangu, nikamuambia: chukua, miye nitakamua ng'ombe tu, hii kazi siiwezi."

"Mama yako alisema nini?"

"Alinipiga na kata ya uji."

Nilicheka, jeraha likavuta, nikalia kwa maumivu huku nikicheka, naye akacheka, maji yakamwagika, mgonjwa wa kitanda cha pili akatuambia tunyamaze.

Alikaa mpaka kiangazi. Maziwa ya ng'ombe alikunywa yeye. Mimi aliniletea uji wa karanga na supu ya samaki mpaka nikaona nitageuka samaki, akanifundisha kumgeuza Sifa upande mwingine ili avute vizuri, na maziwa yakaongezeka. Nilijifunza pia kuondoka. Kwanza nilikwenda mpaka kwenye duka la kona. Halafu sokoni. Halafu nikalala mchana, usingizi mzito, na nilipoamka nikasikia Kalumba anamsimulia mtoto namna breki za behewa zinavyofanya kazi, na mtoto anamsikiliza.

Sifa alipokuwa na miezi sita nilirudi bandarini naye mgongoni. Habari zilikuwa zimetangulia. Mchuuzi mmoja, ambaye tumegombea wateja miaka mingi, alisema kwa sauti ya kusikika, "Mutoto wa chupa huyo anapita." Zamani ningetafuta shimo. Siku hiyo niliweka ndoo zangu chini, nikamshusha Sifa, nikamsimamisha kwenye meza yake katikati ya nyanya.

"Mutazame vizuri," nikasema. "Juu yake nilivuka hili ziwa mara nne. Nilijichoma sindano kwa mukono wangu mwenyewe. Nilipasuliwa tumbo na nikapasuliwa titi. Weye wako ulimupata ukilala. Wangu nilimupata nikiwa macho. Sasa sema tena jina lake."

"Sifa," alisema chini.

"Njo vile."

Tangu hapo hawaniiti kwa dharau tena. Wanawake wananiita pembeni. Mmoja huja kuuliza bei ya mawese na macho yako kwenye mgongo wangu. Mwingine humtuma dada yake. Nawaambia ninachokijua na nisichokijua. Nawaambia mume naye apimwe. Nawaambia kwamba inaweza isishike, mimi ya kwanza haikushika, na kwamba ikishika wasiogope kumpa bibi mtoto. Sioni aibu kuwaonyesha alama zangu. Askari akirudi na makovu anayavalia shati fupi.

Juzi, kiangazi cha pili cha Sifa, nilikuwa ufukweni kwenye ndakala zilizoanikwa, napatana bei na mnunuzi mmoja mzee wa Manono. Anapenda kupunguza, nami napenda kushinda, kwa hiyo nilikuwa nimezama. Nyuma yangu nikasikia bata. Nikageuka. Sifa alikuwa amesimama katikati ya ndakala yangu, amechafua mistari yote, anachota kwa mikono miwili na kuwarushia bata wa watu, ambao walikuwa wamekuja ukoo mzima.

"Weye mutoto! Acha! Nimesema acha! Toka hapo sasa hivi!"

Sauti yangu ilivuka mpaka kwenye mitumbwi. Wanawake waliokuwa wakianika waligeuka wote. Sifa alinitazama moja kwa moja machoni, akachukua ndakala nyingine yenye mchanga, akaitia mdomoni, akatafuna. Nikamfuata, nikamwinua kwa mkono, nikamfuta mdomo kwa nguvu, nikiwa namsema: mkaidi, shingo ngumu, sijui umetoa wapi tabia hii, utaniona leo. Alianza kulia kwa sauti kubwa, machozi yakichanganyika na mchanga. Sikushtuka. Sikumgusa kifua kusikiliza pumzi. Niliendelea kumsema kama mama yeyote mwenye hasira kwenye pwani ile.

Mzee wa Manono alimwonea mtoto huruma. "Basi, Mama, basi. Muache. Ni mutoto tu."

Nikanyamaza katikati ya neno. Nilimtazama Sifa, kamasi mpaka kidevuni, ndakala imebaki kwenye shavu, mguu mmoja bado unajaribu kurudi kwa bata. Nikampandisha kiunoni, nikainua kichwa ili wote wanione.

"Kweli, Papa," nikamwambia. "Ni mutoto tu."

Halafu nikamtajia bei yangu, na sikupunguza.